Miaka 18 si mwisho wa safari

Kaa pembeni mwa uwanja wowote wa vumbi Kisumu jioni, hutakosa wa kukuambia kwamba kijana akifikisha 18 bila kusajiliwa Ulaya, soka lake limekwisha. Ni imani kongwe, na ndiyo inayowatia watu tamaa ya kupunguza umri kwenye vyeti.

Kanuni za FIFA zinasema kinyume. Kifungu cha 19 kinakataza kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wakihamia huko kwa sababu zisizohusu soka. Kwa hivyo ajenti anayemdai mama wa mtaa wa Nyalenda pesa eti mwanawe wa miaka 16 akasaini kandarasi Ubelgiji, anauza hewa.

Mtazame Michael Olunga, mshambuliaji Mkenya aliyezaliwa 1994. Alijiunga na klabu ya Gor Mahia 2015, akaenda Djurgården ya Uswidi 2016 akiwa na miaka 21. Mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani, mabao 28. Na katikati ya hayo alikuwa akisomea uhandisi, jambo ambalo wapiga soga wa uwanjani hulisahau.

Njia ya nyumbani nayo ina ngazi: ligi za kaunti, divisheni za chini, Supa Ligi, ndipo Ligi Kuu. Wengi hukwama humo, sikatai.

Juzi kijana wa miaka 19, njumu zake zimeshonwa kwa uzi wa nailoni, alimuuliza kocha wake, "Nimechelewa?"

"Umechelewa mazoezi," akajibiwa. "Zunguka uwanja mara tano."