Ukuta wa Chokaa Haukuomba Saruji

Nimeulizwa tena, na mwezi haujaisha: "Fundi, si mpige lipu ya saruji tu jengo hili la kale liwe imara?" Aliyeuliza ni mhandisi. Nilikunywa maji kwanza.

Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa haukauki moja kwa moja. Maji hupanda kutoka ardhini, mvua hupenya juu, na chumvi imo humohumo. Chokaa ina vitundu, kwa hiyo unyevu huingia na kutoka. Ukiuvika ukuta saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya lipu, hutanuka, mwishowe lipu hubanduka na uso wa jiwe. Kisha utasikia, "Mawe ya zamani dhaifu."

Na huo ugumu mnaousifu ndio ubovu wenyewe! Kinachounganisha mawe kinatakiwa kiwe laini kuliko mawe, ili jengo likicheza, ufa upite kwenye chokaa. Chokaa nitaikwangua nijaze nyingine. Jiwe lililopasuka nitalishona kwa sindano gani?

Wakubwa pia wamekosea. Kwenye Parthenon, hekalu la kale la Athens, mafundi wa kale walivika madini ya risasi vyuma walivyoungia marumaru. Mwanzoni mwa karne ya 20, Nikolaos Balanos, mhandisi aliyelikarabati, akaweka vyuma bila kinga hiyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, marumaru yakapasuka. Waliomfuata wakalazimika kuving'oa na kuweka titaniamu, metali isiyoshika kutu.

Habari za paa na mifereji mnazijua: panapovuja, anza hapo.

Kinachoninyima usingizi ni saruji iliyokwisha kupigwa. Ukiing'oa, mara nyingine hutoka na nusu ya jiwe. Kuna ukuta niliuacha nayo, nikatengeneza mifereji tu, na hadi leo sijaamua kama ile ilikuwa busara au uvivu. Hata chokaa mpya ni kubahatisha kwa kiasi fulani: maabara husoma kiasi cha mchanga kwenye chokaa ya zamani ili tuiige, lakini haisemi ilizimwa, yaani ilirowekwa majini, kwa muda gani. Tena chokaa haina haraka, maana hukomaa kwa kunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani, polepole, huku mfadhili akiulizia tarehe ya uzinduzi.

Mhandisi nimemwambia aje akwaruze lipu mpya ya chokaa kwa ukucha. Ikitoa unga, tunasubiri. Na ile rangi yake ya plastiki, inayoziba unyevu kama saruji, aiache getini na ndoo yake.