Je, wajua? Mkemia akiingia Ikulu, maabara humfaa wapi?

Ukibangua korosho kwa mkono, ganda hutoa mafuta makali yanayobabua vidole mpaka ngozi ikachunika. Asidi iliyomo kwenye mafuta hayo ndiyo John Magufuli aliyoichunguza kwa shahada yake ya uzamivu katika kemia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2009. Alitaka kujua: ukiipaka kwenye chuma, itazuia kutu?

Miaka tisa baadaye korosho ilimrudia akiwa Rais. Wakulima wa Kusini waligomea bei za mnadani. Novemba 2018 akaamuru Serikali izinunue zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia maghalani kuzisomba. Kwa mkulima aliyezoea kupangiwa bei na wanunuzi, tangazo lile lilikuwa faraja kubwa. Kisha ukaja uhakiki wa kuwasaka kangomba, wale wanunuzi wa kinyemela. Malipo yakachelewa huku ada za shule zikidaiwa, na Serikali ikabaki na shehena inayotafutiwa soko.

Je, ni kwa sababu mkemia hafai siasa? Sikubali. Akiwa Waziri wa Ujenzi alikuwa akitaja urefu wa barabara kwa kilomita bila kusoma karatasi, na mkandarasi hakuweza kumdanganya kirahisi. Hapo utaalamu ulilifaa taifa. Ila kutu haina deni dukani wala haigomi mnadani. Tena tasnifu haipiti mpaka watahini waihoji. Amri ya Rais yaweza kupita bila kuhojiwa na mtu, na hapo mtaalamu hupoteza kile kilichomfanya awe mtaalamu.

Mtazame mwenzake wa Ujerumani, Angela Merkel, Kansela wa wakati ule, naye mwenye shahada ya uzamivu ya kemia. Aprili 2020 aliwaeleza wananchi hesabu ya korona kwa utulivu wa mwalimu: mgonjwa mmoja akiambukiza wastani wa watu 1.1, hospitali zitaelemewa Oktoba, wakiwa 1.2, Julai, wakiwa 1.3, Juni. Hesabu safi kabisa. Lakini siku hiyo hiyo alikuwa ametoka kujadiliana na wakuu wa majimbo 16, na huko Ujerumani mambo ya shule yamo mikononi mwa majimbo.