Mkindu uani: acheni kuunyoa majani mabichi

Sikukuu zikikaribia, watunza bustani hupita nyumba kwa nyumba na mapanga yao, na kufika jioni mkindu uliokuwa umejaa umebakiwa na majani matatu manne yaliyosimama wima kichwani. Mwenye nyumba anaona usafi. Sisi tunaoilea mikindu kitaluni tunaona mmea uliopokonywa chakula.

Chukua jani la chini kabisa ulitazame juani. Likiwa na madoadoa ya manjano na ncha zilizokauka, mara nyingi mmea umepungukiwa na potasiamu, nao unaichota kwenye majani makuukuu kulisha machanga. Ukilikata jani hilo kabla halijakauka, utaanza kuchota kwenye la juu yake, na njano itapanda. Kata lililokauka kabisa au lililovunjika, basi. Panga lisiguse shina: mkindu, kama ndugu zake mtende na mnazi, hauoti gome jipya la kufunika jeraha, na kovu hilo hubaki.

Ubora wake uani ni kwamba huota kichaka. Mnazi ukifa kilele umekwisha; mkindu ukipoteza shina moja, mengine yanaendelea. Bakiza mashina matatu hadi matano yaliyoinama vizuri, machipukizi mengine uyakate usawa wa ardhi yangali madogo.

Uupande mkindu wako mahali penye jua, mita tatu au zaidi kutoka ukutani na njiani, kwa sababu ya miiba. Vijani vya chini ya kila jani vimegeuka miiba mirefu kama kidole, na iko usawa wa macho ya mtoto. Hili nalisisitiza kwa kila anayekuja kuchukua mche. Mche ukae kwenye kina kilekile ulichokuwa nacho kiribani. Kulizika shina ni kuliozesha. Kwao ni kando ya mito na mabondeni, kwa hiyo mwaka wa kwanza usiuache ukauke. Weka samadi iliyooza na matandazo, ila yasigusane na shina.

Ukitaka matunda ya rangi ya chungwa ambayo ndege huyafuata, panda miche kadhaa, maana kuna mikindu dume na jike, na jike pekee ndiyo huzaa.

Na jirani msusi wa mikeka akija kuomba ukindu, mpe jani changa ambalo halijafunguka, moja kwa shina, kisha acha linalofuata lichanue kwanza.