Nyumba ikipigwa mnada, deni si lazima liwe limekwisha

Wengi Arusha huamini benki ikipiga mnada nyumba iliyowekwa dhamana, deni linafutika. Sivyo. Ukidaiwa milioni 60, nyumba ya Njiro ikauzwa milioni 45, unabaki na milioni 15, juu yake gharama za dalali. Salio hilo ndilo linalokwamisha mkopo mpya wa nyumba, kwa kuwa benki husoma taarifa zako za mikopo kwanza.

Dai mchanganuo wa mauzo kwa maandishi. Bei ya mauzo ikizidi deni na gharama, ziada ni yako. Lipa salio au jadiliana, upate barua ya kumaliza deni, kisha hakiki kwamba taarifa zimerekebishwa. Hapa ndipo wengi huzembea.

Na kihamba cha Moshi, yaani shamba la ukoo la Wachagga, kisicho na hati, kinafaa kwa mkopo huo mpya? Benki nyingi hazikipokei kama dhamana.