Mbunge Mmoja, Uzito Gani? Kura za Wabunge wa Jimbo katika Mambo ya Kaunti

Mkazi wa kaunti yoyote kati ya 46 za jimbo la South Carolina, nchini Marekani, ana baraza la kaunti alilolichagua, lakini si kila jambo la kaunti yake huamuliwa na baraza hilo. Mambo kadhaa yamebaki mikononi mwa wabunge wa jimbo ambao maeneo yao ya uchaguzi yanaigusa kaunti hiyo, yaani maseneta na wawakilishi wanaokaa pamoja kama ujumbe wa kaunti. Ujumbe huo ndio unaoteua, kwa mfano, kamati ya usafiri ya kaunti, ambayo huamua namna ya kutumia sehemu ya kodi ya mafuta ya magari katika barabara. Kwa hiyo mtu ambaye barabara ya mbele ya nyumba yake imejaa mashimo ana haki ya kujua ni nani waliopiga kura, na kura za kila mmoja zilihesabiwaje.

Msomaji wa Kenya asilichanganye jambo hili na kaunti zilizoundwa na Katiba ya 2010, ambazo kila moja ina gavana na bunge lake. Katiba ya South Carolina ya 1895 ililimbikiza madaraka katika bunge la jimbo, na kwa miongo mingi bajeti ya kaunti ilipitishwa huko kama sheria. Kila kaunti ilikuwa na seneta mmoja, iwe kubwa au ndogo, na seneta huyo ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho nyumbani kwao. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, kwamba viti vya mabunge yote mawili ya jimbo lazima vigawanywe kwa idadi ya watu. Mipaka ya maeneo ya maseneta ikachorwa upya na kuvuka mipaka ya kaunti. Sheria ya mwaka 1975 iliyapa mabaraza ya kaunti mamlaka ya kujitawala, ingawa haikuzima kabisa nguvu za ujumbe.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Seneta ambaye karibu wapiga kura wake wote wanaishi kaunti ya jirani, na ambaye eneo lake limeingia kaunti hii kwa ncha tu, alikuwa na kura moja sawa na mwenzake anayewakilisha mji mzima. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Kanda ya Nne, katika kesi ya Vander Linden dhidi ya Hodges, ilisema kwamba ujumbe wa namna hiyo unatekeleza kazi za serikali za mitaa, na hivyo unafungwa na kanuni ya mtu mmoja kura moja.

Dawa iliyotumika ni kura ya uzito. Kinachohesabiwa si watu wa eneo zima la mbunge, bali wale wanaoishi ndani ya kaunti husika. Kwa sensa ya 2020, jimbo lilikuwa na watu 5,118,425, na kwa kuwa maseneta ni 46, kila mmoja huwakilisha wastani wa watu 111,000 hivi. Ikiwa 3,000 tu kati yao wanaishi katika kaunti fulani, uzito wake huko ni wa hao 3,000.

Ninaunga mkono hatua hiyo, lakini naomba wananchi wasidhani kwamba uzito na nguvu ni kitu kimoja. Tuchukue kaunti ya kubuni yenye wabunge watatu, wenye uzito wa asilimia 48, 48 na 4. Ili hoja ipite inahitaji zaidi ya nusu, na wawili wowote wakikubaliana wanaipata. Mwenye asilimia 4 ana nguvu ileile ya kuamua kama mwenye 48. Ugeuze uzito uwe 60, 38 na 2, na wa kwanza anaamua kila kitu peke yake. Wenzake wanahudhuria tu.

Haya yaliwahi kutokea kweli. Katika kaunti ya Nassau, jimbo la New York, bodi ya wasimamizi ya mwaka 1964, yaani chombo cha kuitawala kaunti kilichokaliwa na wawakilishi wa miji yake, iliwapa wajumbe wake sita uzito wa 31, 31, 28, 21, 2 na 2, na hoja ilihitaji 58 kati ya 115. Jumlisha mwenyewe: wawili wowote kati ya watatu wakubwa wanatosha, ilhali 31 na 21 na 2 na 2 ni 56 tu. Mji wa North Hempstead, wenye uzito wa 21, haukuweza kubadili matokeo ya kura hata moja. Mwanasheria John Banzhaf alilifichua hilo mwaka 1965 kwa hesabu, lakini ilichukua hadi 1993 mahakama kuutupilia mbali mfumo wa kura za uzito wa bodi hiyo.

Kwa sababu hiyo, kila mipaka inapochorwa upya baada ya sensa, ujumbe wa kaunti unapaswa kutangaza uzito wa kila mbunge pamoja na hesabu ya mara ngapi kura yake inaweza kugeuza uamuzi. Kwa wabunge watatu wanaosema ndiyo au hapana, kuna namna nane tu za kura kuangukia. Kwa sita, ni 64. Karani mmoja na karatasi moja ya mistari wanaimaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana.