Kwanini shilingi moja inapotea kwenye mahesabu ya kompyuta

Wiki iliyopita nilikuwa Kibaigwa kwenye mashine ya kusaga, mwenye mashine kanunua programu ya risiti na kila siku jioni hesabu ya droo na ya kompyuta hazilingani. Kijana wa watu pale kaunta keshaanza kuitwa mwizi. Iliniuma sana.

Nikapima uwele kilo 4.35, kusaga ni sh 100 kwa kilo, kichwani tu unajua ni 435. Risiti ikatoka 434.

Shida ni hii. Kompyuta inahesabu kwa bainari, 0 na 1, kwahiyo sehemu ndogo ya namba inaijenga kama muuza duka mwenye mawe ya nusu, robo, nusu robo na nusu ya hiyo kushuka chini, basi. Sasa mwambie akupimie moja ya kumi kwa mawe hayo. Ataweka 1/16 na 1/32 anapata 0.09375, ataongeza 1/256, ataendelea hivyo na hafiki, ni kama wewe ukigawa 1 kwa 3, zile 3 haziishi. Kompyuta inakata mahali inaendelea na kazi. Ndo maana 4.35 mara 100 kwenye namba za floti, yaani namba za nukta zinazojengwa kwa mawe hayo, inatoka 434.99999999999994, na aliyeandika ile programu alikata desimali badala ya kukadiria kwenye namba nzima ya karibu, shilingi ikaenda.

Wazee wa kazi hii walilijua mapema mno. IBM 1401 ya mwaka 1959, mashine ya biashara kabisa, ilihesabu kwa tarakimu za kumi kama sisi, na System/360, nayo kompyuta ya IBM, ilipotangazwa 1964 ilikuwa ya bainari lakini wakaiwekea pia hesabu za desimali, kila tarakimu inakaa kwenye biti 4, yaani nafasi nne za 0 au 1. Mimi naona walikuwa sahihi kabisa, hela si kitu cha kuhesabu kwa makisio.

Bainari yenyewe haina kosa jamani, namba nzima inazishika bila kupoteza hata moja. Pale nilifuta floti zote, namba ya mzani naisoma kama maandishi yenye tarakimu tatu baada ya nukta, 4.350, naondoa nukta, napata gramu 4350, mara 100, gawa kwa 1000, 435. Ukiwa na databesi tumia aina ya desimali, ipo. Jioni tulihesabu droo pamoja na yule kijana, ikalingana mpaka shilingi ya mwisho, na bosi wake akamuomba radhi mbele yangu.