Wingi wa vyumba sio unaouza nyumba ya vizazi vitatu

Wauzaji wengi huamini kwamba nyumba ya kukaa bibi, wazazi na wajukuu huuzwa kwa idadi ya vyumba. Basi kabla ya kuitangaza wanaikata sebule kwa mbao, vyumba vinne vinakuwa sita. Wanakosea, na kosa hilo linawagharimu.

Mnunuzi anayekuja na mama yake mzee haanzi kwa kuhesabu vyumba. Anamtazama mama pale mlangoni. Ngazi atazipandaje? Usiku, kutoka kitandani hadi chooni ni hatua ngapi? Kiti cha magurudumu kinahitaji uwazi wa mlango wa sentimita 80 hivi, na kizingiti kifupi tu kinatosha kukizuia. Chumba kimoja cha chini, chenye bafu lake na mlango wake wa nje, kinamvuta kuliko vitatu vya ghorofani vinavyogombania choo kimoja. Halafu kuna sauti, jambo ambalo wauzaji hulisahau kabisa: ukuta wa mbao hauzuii kilio cha mtoto saa nane za usiku, na bibi ndiye atakayekesha.

Kwa hiyo usiikate sebule. Chumba kinachofaa kuwa ofisi leo na cha kumuuguza mzee kesho, kionyeshe hivyo. Mwache mnunuzi aingie, afunge mlango, asikilize.

Na kama uliongeza jengo, kibali kiwe tayari. Bila kibali, mthamini wa benki anaweza asilihesabu, na mkopo wa mnunuzi ukakwama.